Mbwa Saba kati ya Kumi: Hesabu Iliyo Nyuma ya Chanjo ya Bure

Wataalamu wa mifugo wanaojitolea wakifika kijijini na kutangaza kwamba chanjo ya kichaa cha mbwa ni bure, swali la kwanza hutoka kwa wafugaji: mbona mbwa? Ng'ombe wana ndigana kali, mbuzi wana sotoka yao, kuku wanateketea kwa mdondo, halafu wageni hawa wamebeba makasha ya barafu kwa ajili ya mnyama ambaye wengine hata jina hawampi. Swali hilo ni la haki, na mara nyingi hujibiwa kwa haraka mno. Anayelijibu vizuri hana budi kueleza pia kwa nini chanjo hiyo itolewe bure, kwa nini irudiwe kila mwaka, na mtu anayejitolea anaweza kufanya nini na hawezi kufanya nini. Mambo haya yameshikana, ukilegeza moja mengine yanaanguka.

Tuanze na ugonjwa. Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vinavyokaa kwenye mate. Mbwa mgonjwa anang'ata, mate yanaingia kwenye jeraha, na virusi vinafuata mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi 2 au 3, wakati mwingine wiki moja tu, wakati mwingine hata mwaka. Muda wote huo aliyeng'atwa anakula, anacheza, anakwenda shule, na bado anaweza kuokolewa. Siku koo linapoanza kukaza akisogezewa kikombe cha maji, nafasi imepita. Karibu hakuna anayepona baada ya hapo.

Makadirio yanayotumiwa sana, ya mwaka 2015, yanasema watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, karibu wote Asia na Afrika. Asilimia 99 ya wanaoambukizwa huambukizwa na mbwa, na takriban wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, utafiti uliochapishwa 2002 ulihesabu majeraha ya kung'atwa na kupata makadirio ya vifo karibu 1,500 kwa mwaka, idadi iliyokuwa kubwa hadi mara 100 kuliko iliyoandikwa kwenye kumbukumbu rasmi. Tofauti hiyo si ya kushangaza kwa anayejua maisha ya vijijini. Mgonjwa aliyerudishwa nyumbani kwa sababu hospitali haina la kumfanyia hufia nyumbani, na huzikwa bila mtu wa kuandika chanzo cha kifo. Kuna na wale ambao familia iliamini wamerogwa, wakapelekwa kwa mganga badala ya zahanati.

Linaloniuma ni kwamba dawa ya kuzuia vifo hivi ni ya zamani kuliko redio. Mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alisimamia kuchanjwa kwa mtoto Joseph Meister, aliyekuwa na miaka 9, Julai 6, 1885. Hadi leo utaratibu ni uleule katika msingi wake: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali ukachomwe sindano kadhaa kwa siku maalumu, ya kwanza siku hiyohiyo. Jeraha likiwa baya huongezwa dawa nyingine inayochomwa palepale penye jeraha. Ukifanya hivyo mapema, unapona.

Lakini chanjo hiyo huwa hospitali ya wilaya, si zahanati ya kijiji. Mzazi atafute nauli ya watu wawili, alale mjini au arudi, halafu arudie safari baada ya siku 3, na tena baada ya siku 7. Akifika anaweza kuambiwa dawa zimekwisha, ajaribu mkoani. Kuna familia zinazouza mbuzi kwa ajili ya sindano ya kwanza na kukosa cha kuuza kwa ajili ya ya pili. Dozi ya kumchanja mbwa, ikinunuliwa kwa jumla, huwa chini ya dola 1. Hapo ndipo jibu la mfugaji linapoanzia: mbwa anachanjwa ili mtoto asing'atwe na mbwa mgonjwa, na mbuzi abaki zizini. Isitoshe, kichaa hakichagui. Ng'ombe na punda wakiumwa na mbwa mwenye kichaa hufa vilevile, na mwenye mifugo hupata hasara ambayo hakuna wa kuifidia.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndiyo inayochanganya watu wengi, wakiwemo baadhi ya wanaojitolea wenyewe.

Magonjwa hupimwa kwa swali moja: mgonjwa mmoja anaambukiza wangapi wapya? Kwa surua ni watu 12 hadi 18 ikiingia mahali pasipo na kinga. Kichaa cha mbwa ni dhaifu kwa mbali. Watafiti wakiongozwa na Katie Hampson walifuatilia tukio kwa tukio, nani aling'atwa na mbwa yupi, katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro, na mwaka 2009 wakachapisha matokeo: mbwa mmoja mgonjwa huambukiza kwa wastani mbwa mmoja na kidogo, kati ya 1.1 na 1.2. Ugonjwa wa namna hiyo unaishi kwa kubahatisha. Punguza kidogo tu mbwa wanaoweza kuambukizwa, wastani unashuka chini ya 1, na mnyororo unakatika wenyewe.

Kwa hesabu hiyo peke yake, kuchanja mbwa wawili kati ya kumi kungetosha. Mbona basi Shirika la Afya Duniani linataka saba kati ya kumi?

Kwa sababu mbwa wa kijijini hakai sana duniani. Wengi hufa wakiwa wadogo, kwa magonjwa, kwa njaa, kwa kugongwa na magari, kwa kuliwa na chui au fisi. Wanaozaliwa kuziba pengo hawana kinga yoyote. Tuseme kijiji kina mbwa 100 na umechanja 70. Tuseme pia kwamba ndani ya mwaka 45 kati ya kila 100 wanakufa, na wanazaliwa wa kutosha kuufikisha mji kwenye mbwa 110. Mwaka ukiisha, waliochanjwa waliobaki ni 38 au 39 kati ya 110, yaani kama theluthi moja. Bado uko salama mpaka kampeni ijayo. Lakini ukiwa umechanja 40 tu, mwaka ukiisha unabaki na 22 kati ya 110. Hapo umesimama ukingoni, na mbwa mmoja mgonjwa akija kutoka kijiji jirani anaweza kuwasha moto. Saba kati ya kumi ni akiba ya kuvukia mwaka. Chanjo yenyewe inaweza kumlinda mbwa kwa miaka 3, lakini inayotukimbia ni idadi, mbwa aliyechanjwa anakufa na kinga yake.

Hapa ndipo kujitolea kwa nia njema kunapopotea. Kikundi kinakuja Julai, kinachanja mbwa mia tatu katika vijiji sita, kinapiga picha, kinaondoka. Mwakani kinakwenda wilaya nyingine, kwa kuwa nako kuna shida. Kwa mbwa mmoja mmoja walifanya jambo zuri. Kwa ugonjwa, baada ya mwaka na nusu, ni kama hawakuwahi kufika. Nasema hivi kwa heshima kwa watu wanaotoa likizo zao na fedha zao, kwa sababu jasho lao lina thamani kubwa na linastahili kuzaa matunda. Kijiji kimoja kilichorudiwa miaka mitano mfululizo kimepata zaidi ya vijiji vitano vilivyotembelewa mara moja moja.

Eneo linalozunguka Hifadhi ya Serengeti ni mfano wa kurudi huko. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, ule wa kupooza na kuharisha unaojulikana kitaalamu kwa jina la distempa, uliingia kwa simba, na takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti wakafa. Miaka michache kabla, mwaka 1991, mbwa mwitu walikuwa wametoweka kwenye hifadhi, kichaa kikitajwa miongoni mwa sababu. Macho yakageukia mbwa wa vijiji vya pembezoni, na chini ya watafiti kama Sarah Cleaveland, wakishirikiana na wataalamu wa Kitanzania, kampeni za chanjo zikaanza na kurudiwa. Wakati huo watu wengi waliamini kwamba kwenye mbuga kichaa kinakaa kwa bweha na fisi, kwa hiyo kuchanja mbwa ni kazi bure. Ushahidi wa Serengeti ukaonyesha vinginevyo: wanyamapori huambukizwa na kuambukizana kidogo, lakini anayeubeba ugonjwa mwaka hadi mwaka ni mbwa wa nyumbani. Ukimchanja huyu, unawaokoa na wale.

Siku ya chanjo yenyewe ni ya kelele. Jana yake gari limepita na kipaza sauti, matangazo yamebandikwa shuleni na kwa mtendaji wa kijiji. Asubuhi wanaofika kwanza ni watoto, wakivuta mbwa kwa kamba za katani, waya, hata vipande vya kanga. Mbwa wa kijijini hajazoea kamba. Anajilaza chini, anavutwa kama gunia, anaona mbwa wengine hamsini na kuanza kutafuta ugomvi. Anayejua kazi hamwendei kwa mbele. Anampa mwenye mbwa kitambaa kirefu, anamwonyesha kufunga kitanzi juu ya pua, fundo chini ya kidevu, ncha nyuma ya masikio. Kisha mtoto anamkumbatia mbwa wake shingoni na kumwelekeza kichwa pembeni, mchanjaji anatokea ubavuni, ananyanyua ngozi ya mgongoni na kuchoma mililita 1 chini yake. Sekunde tatu. Mbwa wengi hawajui hata kilichotokea. Kisha hutolewa cheti, na mbwa huvishwa kola ya kitambaa au kupakwa rangi.

Wanaokosekana ndio wa kuangaliwa. Watoto wa mbwa huachwa nyumbani, kwani wenyewe hudhani ni wachanga mno, na hata baadhi ya wachanjaji huwarudisha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wachanjwe pia, hata walio chini ya miezi 3. Paka nao husahaulika. Kuna mbwa mkali ambaye hakuna aliyethubutu kumshika, na kuna wa bibi anayeishi peke yake asiye na mjukuu wa kumvuta mnyama kilomita mbili.

Ndiyo maana napenda sana hesabu ya jioni. Watu wawili wanazunguka mitaa ya kijiji kwa miguu jua likipoa, mbwa wanapotoka vichakani, wanaandika: huyu ana kola, huyu hana. Ni kazi rahisi na ndiyo inayosema ukweli. Vikundi vingi huripoti idadi ya dozi zilizotumika. Dozi mia tatu zinaweza kuwa asilimia 80 ya mbwa au asilimia 30, na hizo ni habari mbili tofauti kabisa kwa mtoto anayekwenda shule kesho.

Njia nayo haiwezi kuwa moja kila mahali. Utafiti ulioongozwa na Magai Kaare, daktari wa mifugo Mtanzania, uliochapishwa 2009, ulionyesha kwamba kituo kimoja cha chanjo kijijini kilitosha kwa wakulima-wafugaji wanaoishi karibu karibu. Kwa wafugaji wa Kimaasai wenye maboma yaliyotawanyika, kituo kimoja kiliacha mbwa wengi mno, ikabidi kwenda boma kwa boma na kuwatumia wahudumu wa mifugo wa palepale. Kikundi kinachokuja na mpango uliofaa mkoani Mara kikaupeleka Ngorongoro bila kuuliza kitarudi na dozi zake.

Kuhusu bei, kuna watu makini wanaosema kwamba bure huwafanya watu wasithamini huduma. Kwa dawa ya minyoo ya ng'ombe nakubaliana nao: mwenye ng'ombe anapata faida yake mwenyewe, na anayegawa dawa bure kwa wiki moja anaweza kumuua kibiashara mwenye duka la pembejeo ambaye ndiye atakayehitajika wiki 51 zilizobaki. Chanjo ya mbwa ni tofauti. Anayemchanja mbwa wake anamlinda zaidi mtoto wa jirani kuliko mfuko wake. Ukimtoza, atapiga hesabu na kubaki nyumbani, na huwezi kumlaumu. N'Djamena, mji mkuu wa Chad, walijaribu njia zote mbili. Wenye mbwa walipotakiwa kulipa, takriban robo tu ya mbwa ndio waliochanjwa. Kampeni za bure za 2012 na 2013 zilifika asilimia 70, na maambukizi yakakatika kwa miezi kadhaa kabla ya ugonjwa kuingia tena kutoka nje ya mji. Mexico imekuwa ikifanya kampeni za bure za nchi nzima tangu 1990, na Novemba 2019 ikawa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imetokomeza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa.

Kuua mbwa, njia inayopendwa na halmashauri nyingi kwa sababu inaonekana kama hatua kali, haijafanya kazi. Kichaa kilipoingia kisiwa cha Flores, Indonesia, mwishoni mwa miaka ya 1990, mbwa waliuawa kwa wingi na ugonjwa ukabaki. Watu huficha mbwa wao au kuwahamisha, na wanaohamishwa ndio wanaoupeleka ugonjwa kijiji kingine. Pengo hujazwa na mbwa wapya wasio na kinga, na baya zaidi, mara nyingi wanaouawa kwanza ni wale waliozoea watu, yaani waliokwisha kuchanjwa.

Pemba inatufundisha pande zote mbili. Kisiwani humo kichaa kilitokomezwa kwa chanjo mwaka 2014. Mwaka 2016 kikarudi kutoka nje, na mbwa hawezi kuvuka bahari ile isipokuwa ndani ya chombo cha mtu. Chanjo zikaboreshwa, na 2018 kikatokomezwa tena. Kisiwa kizima kinaweza kuwa huru, na uhuru huo unahitaji mlinzi hata pale ambapo hakuna mgonjwa hata mmoja.

Kuna huduma nyingine ambazo wanaojitolea hupenda kuzileta, na hapa naomba uangalifu. Kufunga uzazi wa mbwa jike ni upasuaji wa tumbo. Unahitaji usingizi salama, vifaa vilivyochemshwa, na mtu wa kuangalia kidonda kwa siku 10. Ukifanyika chini ya mwembe na timu ikaondoka jioni, mbwa anayeoza kidonda siku ya tano hana wa kumtazama, na kijiji kinakumbuka hilo kuliko mambo mengine yote. Si lazima ili kuzuia kichaa, chanjo inatosha. Viuavijasumu navyo vikigawiwa kwa mkupuo mmoja, bila dozi kumalizika na bila mfugaji kuelezwa siku za kutokunywa maziwa, vinatengeneza usugu tutakaoulipia sisi wote. Kisheria pia sindano si ya kila mwenye moyo. Tanzania ina Sheria ya Veterinari ya 2003 na Baraza la Veterinari, na mgeni, hata awe profesa kwao, anapaswa kupitia huko na kwa ofisi ya mifugo ya wilaya. Na yeyote atakayeshika mbwa siku hiyo, hata kama ni wa kuandika vyeti tu, achanjwe yeye kwanza.

Basi nani abaki kijijini timu ikiondoka? Tuna historia ya jibu hilo, na ni ya kujivunia. Sotoka ya ng'ombe, iliyoua mifugo ya Afrika kwa zaidi ya miaka mia moja, ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Katika maeneo ambayo magari ya serikali hayakufika, kama Karamoja nchini Uganda na Sudan Kusini, kazi hiyo ilifanywa na wafugaji wenyewe waliofundishwa kwa muda mfupi, wakitumia chanjo iliyotengenezwa kuvumilia joto. Wanaijua mifugo, wanajua njia za malisho, na hawahitaji mkalimani.

Kwa kichaa mlango huohuo umefunguka. Utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa 2016 ulionyesha kwamba aina moja ya chanjo ya mbwa inayotumika sana hubaki na nguvu yake hata ikikaa miezi 6 kwenye nyuzi 25, au miezi 3 kwenye nyuzi 30. Kwa hiyo si lazima jokofu. Katika mkoa wa Mara wataalamu wametengeneza vyombo vya kupozea vya vyungu vya udongo, vinavyopoa kwa maji yanayovukiza, vikakaa kijijini na dozi ndani yake, na mchanjaji wa hapohapo akachanja mwaka mzima. Mbwa aliyezaliwa wiki mbili baada ya kampeni hasubiri miezi 11. Mbwa mkali wa bibi anafuatwa nyumbani kwake, na mtu anayemjua.

Linalobaki gumu ni malipo, na hapa ndipo naona tunakosea kwa ukimya. Daktari anayetoka mjini akijitolea siku 5, mshahara wake unamsubiri. Mchanjaji wa kijiji akijitolea siku 5 msimu wa palizi, shamba lake linamezwa na magugu. Tunawaita wote wawili kwa jina moja na kutarajia moyo uleule. Mwaka wa kwanza anafanya kwa heshima, wa pili kwa aibu ya kukataa, wa tatu ameacha, na chungu kimegeuzwa cha kuhifadhia mbegu. Kikundi chenye fedha za kununua tiketi za ndege kinaweza kumlipa mtu huyo posho ya mwaka mzima kwa bei ya tiketi moja. Kiandike hivyo kwenye bajeti yake, kikubaliane na halmashauri nani atachukua jukumu hilo kuanzia mwaka gani, na kifanye hivyo kabla ya kununua dozi ya kwanza.